Mama Soli na Udongo Mwekundu

Jirani yangu wa mlango wa pili tunamwita Redio, na yeye mwenyewe anajua, wala hachukii. Asubuhi hiyo alinikuta bombani nasuuza foronya, mtoto mgongoni. Alivyoweka ndoo yake chini na kushika kiuno, nikajua taarifa ya habari imefika.

Alisema Mama Soli, yule fundi viatu wa pale gatini, amegundulika. Kwamba wageni wakimuuliza waende wapi, anawaelekeza makusudi huko kilimani kwenye mawe na miiba, ili viatu vyao vikatike, wamrudie awashonee.

"Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakumjua huyu," alisema Redio. "Wake ni mgeni njoo, kiatu kikatike."

Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni walicheka. Na mimi nilicheka, nisidanganye, maana neno lilikuwa na utamu wake. Lakini nilipokuwa narudi na beseni langu kicheko kilinikauka mdomoni. Mama Soli nimemjua mwaka wa pili huu. Sijawahi kumwona akimpa mtu mshono mbaya, sembuse njia mbaya.

Kisiwa chetu ni kidogo. Boti ya abiria inaingia asubuhi na inaondoka saa tisa alasiri, moja tu kwa siku. Wageni wengi wanakuja kupumzika siku mbili, wengine moja na nusu, kisha wanarudi makazini kwao. Wanashuka na mikoba yao, wanatazama kulia, wanatazama kushoto, na swali lao ni lile lile: twende wapi ambako wenyeji mnakwenda? Mimi nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vinane, hatua chache kutoka gatini. Uani kwetu kuna karo moja la saruji, beseni nne na kamba sita. Wageni mimi nawajua kwa mashuka yao, nani kalala vizuri na nani kakesha anajigeuza. Mama Soli anawajua kwa viatu.

Meza yake imeegemea ukuta wa ofisi ya tiketi, chini ya bati lililotokeza. Ni meza ya mbao yenye droo moja isiyofunga. Juu yake kuna chuma cha kugongea, kopo la gundi, mipira ya nyuzi, na kisu kidogo ambacho kimenolewa mpaka kimebaki chembamba kama jani. Vyombo vyote vilikuwa vya mumewe. Mume alipofariki, watu walisubiri kuona nani atavinunua. Yeye akakaa kwenye kigoda cha marehemu, akaanza kushona. Walipomwambia mwanamke fundi viatu hawajawahi kumwona, aliwajibu, "Kwani viatu vimelalamika?" Maneno yakaishia hapo. Jina la Mama Soli likabaki.

Ana miaka hamsini na kitu, mrefu, mikono mikubwa, na anatembea kwa kuchechemea. Miaka sita iliyopita aliteleza kwenye ngazi za gati, nyonga ikavunjika na ikaunga vibaya. Tangu hapo safari yake ni kutoka chumbani kwake, nyuma ya ofisi ya tiketi, mpaka mezani. Jioni anarudi. Chumba chenyewe nimekiona. Kina kitanda, kabati lenye mlango mmoja, na chini ya kitanda viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, vimepangwa jozi jozi kama vinasubiri boti.

Nilimjua nikiwa na mimba ya miezi minane. Kandambili yangu ilikatika mbele ya meza yake, nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja, tumbo mbele, siwezi hata kuinama kuiokota. Akaniambia nikae. Alivyoigeuza ile kandambili alitazama chini yake kwa muda, kisha akaniuliza kama mgongo unaniuma upande wa kushoto. Ulikuwa unaniuma kweli. Akaninyanyulia soli upande mmoja kwa kipande cha mpira. Nilitembea nacho mpaka siku ya kujifungua. Mtoto alizaliwa mnene, tukamwita Bonge, na mimi nikawa Mama Bonge. Lakini Mama Soli ananiita mwanangu. Yule mtoto anamwita bibie, na kila tukipita lazima aushike unyayo wake auangalie, kama vile nao una habari.

Hivyo ndivyo alivyokuwa anawajibu wageni. Mgeni akiuliza aende wapi, jibu la kwanza lilikuwa, "Vua kimoja." Anakigeuza. Anatazama soli imelika wapi, kisiginoni au kwenye ncha, ndani au nje. Halafu anauliza maswali yake. Una siku ngapi? Umekuja na nani? Kati yenu nani anaamka mapema? Baada ya hapo anatoa sehemu moja kwa siku moja, haongezi. Niliwahi kumsikia akiwaambia walimu watatu waliokuwa likizo waende nyuma ya kiwanda cha barafu maji yakipwa, kuna bwawa kwenye mwamba, maji yake ya vuguvugu kama ya kuogea mtoto, wakae humo mpaka wachoke kusengenya. Mmoja akataka wapewe na sehemu nyingine. Akasema hapana. Kwamba mtu anayekwenda mahali saba kwa siku mbili anarudi kwao na picha za milango. Wale walimu waliondoka wanacheka. Kesho yake niliona taulo zao zote tatu zina chumvi nyeupe kwenye pindo, nikajua walikaa sana.

Nilimuuliza siku moja anajuaje mambo ya huko kote na yeye hatoki. Alinionyesha kile kisu. Kabla ya kupaka gundi lazima soli ikwanguliwe, na kinachotoka ndicho kinachomwambia. Mchanga mweupe wenye vipande vya kombe ni wa ufukwe wa mashariki. Tope jeusi ni la mkondo wa maji kule kwenye mikoko. Mbegu zenye ndoano ni za uwanja wa shule. Na udongo mwekundu, unaoshika kama nta, ni wa kilimani tu, hakuna kwingine.

"Mimi siendi," alisema. "Kisiwa kinakuja hapa mezani."

Kilima hakuwapa watu ovyo. Aliwawekea wenye jambo moyoni, kwa sababu ukifika juu unaona maji pande zote mbili, yale ya ndani yaliyotulia na yale ya nje yasiyotulia, na katikati ni wewe tu. Yeye na mumewe walikuwa wakipanda siku ambazo kazi ni ndogo. Nafikiri ndiyo maana alikuwa mchoyo nacho.

Sasa, maneno ya Redio yalianzia kwa mzee mmoja na binti yake. Walipewa chumba namba tatu. Mzee alikuwa mpole, anapapasa ukuta kidogo kabla ya kuingia mlangoni, maana macho yalikuwa yanamwishia. Binti ni mtu wa ofisi, anatazama saa kila wakati. Walikuwa na siku mbili tu. Siku ya pili yake, baada ya kurudi kwao, mzee alikuwa na miadi ya kupasuliwa macho, na daktari alikuwa amemwambia ukweli, kwamba hamwahidi. Mzee akataka kuona kitu kizuri kwanza, endapo macho hayatapona. Hayo nilimsikia akimweleza Mama Soli mwenyewe, nilikuwa nimepeleka mkono wa kapu la nguo ukashonwe.

Mama Soli alikigeuza kiatu cha mzee, akakirudisha. Hakuuliza swali hata moja. Akawaelekeza kilimani, kwa njia inayoanzia nyuma ya tangi la maji. Waende asubuhi ya siku ya pili, polepole, na saa sita watakuwa wamesharudi.

Hawakurudi saa sita. Saa tisa boti ilipiga honi ikaondoka, mikoba yao bado iko mapokezi. Walitokea karibu saa kumi, mzee ameegemea bega la binti, viatu vyake vimepasuka mbele vyote viwili, na suruali imekuwa nyekundu mpaka magotini. Njia haikuwepo. Ilikwenda vizuri kwa muda, kisha ikaishia kwenye shimo, kilima kimekatwa kama mkate. Wakajaribu kuzunguka, wakapotea vichakani. Miadi ya macho ikapita hivyo hivyo. Yule binti hakupiga kelele. Alimweleza bosi wetu pale mapokezi kwa sauti ya chini, na afadhali angepiga kelele. Bosi akabandika karatasi ukutani yenye sehemu sita za kutembelea, akatoa na nakala za kuwapa wageni, akatuagiza wafanyakazi wote kwamba mgeni asipelekwe tena kwa fundi viatu.

Kesho yake, wakisubiri boti ya saa tisa, binti alibaki kwenye chumba cha kusubiria. Mzee yeye alikuja mezani kwa Mama Soli na viatu vyake mkononi. Nilikuwa naanika mashuka, na kamba ya mwisho inatazamana na gati, basi niliona, na baadaye Mama Soli alinisimulia. Alimshonea. Mzee akamwambia amepewa tarehe nyingine, miezi miwili mbele, na kama miguu itakubali atarudi kabla ya hapo kujaribu tena. Kisha, wala si kwa ukali, akauliza, "Mama, ile njia wewe ulipita mara ya mwisho lini?"

Mama Soli alimrudishia viatu, akafunga kopo la gundi.

Kuanzia hapo wageni wakawa wanapita mbele yake macho yameganda kwenye karatasi. Viatu vya wenyeji aliendelea kuvipata, kwa hiyo si kwamba alikosa kazi. Alikosa kuulizwa. Nilimwona akinyanyua uso kila mikoba inaposhuka, halafu akiuinamisha tena. Neno la Redio nalo lilikuwa limefika mpaka sokoni, limeota miguu na mikono.

Nilikwenda kukaa naye kidogo. Aliniambia wale walipotea, njia ipo. Akanionyesha viatu vya kondakta wa boti, akanionyesha na vya muuza maji, vyote vina udongo mwekundu. Kama njia imekufa, hawa wamepita wapi? Watu wanasema uongo, mwanangu, viatu havisemi. Lakini nilipokuwa nafua siku hiyo nikaona jambo ambalo nadhani nilikuwa naliona wiki nyingi bila kuliangalia. Mazulia ya miguu ya vyumba vyote vinane yalikuwa na ule wekundu. Vyote vinane, hata cha wale maharusi ambao hawakutoka chumbani isipokuwa kula.

Siku mbili baadaye nilimpeleka Bonge zahanati kupimwa uzito. Ile barabara mpya ya nyuma ya ufukwe ndiyo ya kwenda zahanati, na ndiyo ya kwenda kila mahali siku hizi. Ilikuwa imenyesha alfajiri. Nilipofika, muuguzi akaniambia nivue kandambili nje, nachafua sakafu. Nikainama kuzivua, nikaona soli zimejaa udongo mwekundu.

Malori tuliyaona sote. Tangu mvua zilipokatika yalikuwa yakipita na kifusi, yanamwaga kwenye barabara hiyo, greda linasambaza. Tulijua katapila linachimba upande wa kilima. Mtoto wangu alijifunza kusema "gali" kwa malori yale. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba katapila linakula njia ya mtu. Na Mama Soli, ambaye safari yake ni chumba na meza, malori hayo hayakuwahi kupita mbele yake.

Sikwenda moja kwa moja. Nilipita nyumbani nikamnyonyesha mtoto, nikazunguka uani, nikapanga vibanio vya nguo ambavyo havikuhitaji kupangwa. Nilijua ninachokwenda kumwambia ni kwamba Redio ana kosa, ndiyo, na binti wa mzee yule ana haki. Na mtu aliyeninyanyulia soli nikiwa siwezi kuinama, ningemwambiaje? Mwisho nikaona kumwambia kwa mdomo sitaweza. Nikaenda mpaka mezani, nikavua kandambili moja, nikaiweka mbele yake imegeuka.

"Mama, nimetoka wapi?"

Alidhani ni mchezo. Akamchekea Bonge, akachukua kisu, akakwangua. "Kilimani," alisema. "Na wewe na mtoto mgongoni, ulifuata nini huko?"

"Sijakwenda kilimani. Nimetoka zahanati."

Alinitazama. Akakwangua tena, safari hii juu ya karatasi, akausogeza kwenye mwanga. Halafu akavuta viatu vya kondakta, navyo akavikwangua pembeni yake. Vidole vyake vilivunja udongo taratibu. Ndani yake mlikuwa na vijiwe vidogo vya kijivu, vyenye ncha.

"Kokoto," alisema. "Nilikuwa naviona hivi. Nikasema ni vya hapa gatini."

Nikamweleza yote, malori, katapila, barabara. Alinisikiliza kichwa kikiwa chini. Nilipomaliza aliniuliza kama nilikuwa najua kwamba wanachimba. Nikasema nilikuwa najua. Akaniuliza kwa nini sikumwambia.

"Nilidhani unajua, mama. Wewe ndiye unayejua kila kitu."

"Basi ubaya wake ndio huo," alisema. "Ukijua kila kitu, watu wanaacha kukuambia."

Bonge alikuwa ameshuka mgongoni na kushika mguu wa meza. Mama Soli akaukunja ule udongo ndani ya karatasi kama dawa, akautia kwenye droo. Nilitaka kumwambia pole, nikaona neno lenyewe dogo.

Alasiri ile ile alikuja mama mmoja wa makamo, nadhani karatasi ya mapokezi haikumridhisha, akamuuliza aende wapi asubuhi. Alishaanza na kuvua kiatu, labda mtu alimwambia utaratibu. Mama Soli alimrudishia bila kukigeuza. "Sijui," alisema. "Nilikuwa najua. Kwa sasa sijui." Karani wa tiketi alitoa kichwa dirishani kuhakikisha amesikia vizuri. Kufikia jioni Redio alikuwa na habari mpya bombani, kwamba Mama Soli amepoteza kumbukumbu. Safari hii mimi sikucheka. Nikamwambia, mbele ya foleni, kwamba kumbukumbu yake ni nzima, kilichopotea ni kilima, na kama yeye anajua habari zote za kisiwa hiki, hiyo mbona ilimpita? Foleni ikacheka. Redio naye hakununa. Alisema lo, Mama Bonge kumbe ana mdomo, akanisaidia kunyanyua beseni.

Zilipita siku kama kumi. Niliona Mama Soli ameanza jambo jipya. Anayeleta kiatu anaulizwa kwanza alipita wapi, ndipo kiatu kinageuzwa. Alimuuliza kondakta, muuza maji, karani, hata wanafunzi. Anasikiliza, kisha anakwangua, kisha analinganisha. Kuna wakati alikuwa anatikisa kichwa peke yake.

Jumamosi, nilipokuwa nimemaliza kamba ya mwisho, aliniita. Juu ya meza kulikuwa na raba za kike za rangi ya samawati iliyopauka. Zilikuwa zake. Ndizo alizovaa siku aliyoanguka, na hazijakanyaga chini tangu hapo. Alikuwa amezibandika upya, ametia kamba mpya, na soli amezisugua mpaka mifereji yake yote ilikuwa myeupe.

"Kilima kina mgongo wa nyuma," aliniambia. "Unapitia shule ya zamani, palikuwa na njia ya mbuzi. Muuza maji anasema ipo, karani anasema haipo, na wote wawili najua hawajakwenda. Yule mzee amebakiwa na mwezi na siku chache, na mimi siwezi kumpa tena njia ya kusikia."

Nikamwambia miguu yetu hailingani. Akasema anajua, mguu wangu anaujua kuliko mimi. Amejaza kitambaa kwenye ncha.

"Kesho hufui. Bibie niachie hapa, tutatazamana mpaka urudi. Huko kulikuwa na ngazi za mawe, zihesabu mwenyewe, uone kama mtu asiyeona vizuri ataweza. Ukifika juu usigeuke haraka, simama uone maji ya pande zote mbili. Ukishindwa, rudi uniambie umeshindwa, usinionee huruma." Akazifunga zile raba kamba kwa kamba, akanitundikia begani. "Ila usizioshe, mwanangu. Hata zikiwa na kinyesi cha mbuzi. Niletee kama zilivyo."